Kinga Haifungwi kwa Uzi

Katika kaya ya Masunga maziwa hayakuwa haba. Kila alfajiri wanaume waliingia zizini, na kabla jua halijapanda vibuyu vilikuwa vimejaa. Wanaume walikamua. Bibi Kabula, mama yake Masunga, aligawa. Leokadia, mke wa Masunga, alipokea alichopewa. Alisukasuka kibuyu mpaka siagi ikajitenga, akatwanga mtama, akachota maji, akafagia. Hivyo ndivyo siku zilivyokwenda huku bonde la Usangu, tangu walipohama Shinyanga na ng'ombe wao kufuata majani.

Asubuhi hiyo Leokadia alisukasuka kibuyu huku sikio lake likiwa ndani ya nyumba. Binti yake Roza alikuwa amelala kwenye ngozi, gizani, mwili mzima vipele. Surua ilikuwa imerudi kijijini.

"Mayu," Leokadia alimwita mama mkwe wake, "naomba nimpe Roza maziwa kidogo. Tangu jana hajala."

Bibi Kabula hakuinua uso. Alikuwa akimimina maziwa kutoka kibuyu hiki kwenda kile.

"Mpe uji."

"Uji wa mtama na maji matupu, mayu. Ameukataa."

"Atautaka akisikia njaa. Mtoto mwenye vipele hanywi maziwa katika ukoo huu. Akinywa, chuchu za ng'ombe zinaota vidonda vile vile. Unataka tuje tule mchanga?"

Leokadia alirudi kwenye kibuyu chake. Neno hilo alilisikia mwaka uliopita pia. Mwaka uliopita aliyekuwa na surua ni Nyanda, mtoto wake wa kwanza. Nyanda alinyimwa maziwa, akanyimwa nyama, akanyimwa mayai. Vipele vilipokauka, wote walishangilia. Wakasema amepona. Kisha kikohozi kikamshika kifuani, na mtoto aliyepona akafa.

Vipele vya Roza navyo vilikauka. Ngozi ikabambuka kama majivu. Lakini mtoto hakuamka kucheza. Miguu ilivimba, na ukiibonyeza shimo la kidole linabaki. Nywele zilianza kuwa nyekundu na nyepesi. Jicho la kulia liliingia ukungu. Halafu kikohozi kikaanza.

Leokadia alikisikia kikohozi kile. Alikuwa akikijua. Alimfunga Roza mgongoni, akaenda zahanati bila kumuaga mtu.

Siku hiyo foleni ilikuwa imetoka nje ya mlango mpaka kwenye ua. Watoto walilia, wengine hawakuwa na nguvu za kulia. Nesi alikuwa vijijini, akitembelea kaya. Mganga wa zahanati, Sedekia, alikuwa peke yake, na macho yake yalikuwa mekundu kwa uchovu. Alimtazama Roza, akambonyeza mguu, akasikiliza kifua, akatikisa kichwa.

"Surua imekwenda, mama, lakini imekula kinga yake. Mtoto huyu hana kinga kabisa. Nitakupa dawa, lakini dawa peke yake haitoshi. Rudisheni kinga. Umesikia? Kinga irudi upesi. Nesi akija atakueleza vizuri. Anayefuata!"

Leokadia alitoka na vidonge vimefungwa kwenye karatasi. Njia nzima alilirudia neno lile asije akalisahau. Kiswahili alikuwa amejifunzia ukubwani, katika darasa la jioni. Maneno mengi yalimpiga chenga. Lakini hili alilijua. Nani asiyejua kinga?

Nyumbani walimngoja uani.

"Mganga kasemaje?" Masunga aliuliza.

"Kasema Roza hana kinga."

"Kinga?" Bibi Kabula alishtuka. "Wakinga wale wenye maduka ya vitenge Mbalizi? Wanaingiaje kwenye ugonjwa wa mjukuu wangu?"

Masunga alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu surua iingie nyumbani.

"Si Wakinga, mama. Kinga. Kinga ya kufunga mwilini."

"Ahaa! Ile ya kuzuia wabaya."

"Ndiyo hiyo hiyo," alisema Masunga, na kifua kikamtuna. "Mnaona sasa? Siku zote wanatucheka. Leo mganga wa serikali mwenyewe, na koti lake jeupe, amesema kwa mdomo wake: mtafutieni kinga! Hata wao wanajua."

Leokadia alisita. Kuna kitu hakikumkaa sawa. Kama ni kinga ile, mbona mganga alimbonyeza mtoto miguu? Lakini alikuwa amechoka, na alikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu hushika lolote analopewa.

Masunga hakuwa mchoyo. Alitaka kinga kali, na kinga kali haipatikani kwa kuku. Alimtoa ng'ombe mwekundu na ndama wake, ng'ombe aliyekuwa na maziwa kuliko wote, akampeleka kwa mzee Seni. Seni alikuwa mganga wa kienyeji aliyeheshimiwa bonde zima. Jioni Masunga alirudi na mzee huyo. Seni alishona kijiti ndani ya kipande cha ngozi, akakifunga kwa uzi mweusi shingoni mwa Roza, kikaning'inia katikati ya kifua.

Kila mtu alilala akiwa na matumaini. Roza alikohoa usiku kucha.

Nesi Tekla alifika na baiskeli siku chache baadaye. Alikuwa Mhehe kutoka upande wa Iringa, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kwaya. Kazi yake ilikuwa kupita kaya kwa kaya kuwatafuta watoto ambao hawakurudishwa zahanati.

"Kamwene!" alisalimu kwa Kihehe kutoka langoni.

"Mwangaluka," alijibu Bibi Kabula kwa Kisukuma, bila kutabasamu. "Hapa hatukamweni, mwanangu. Sema lugha ya watu."

"Basi shikamoo, bibi."

"Hiyo nimeisikia. Marahaba. Kaa."

Tekla hakukaa. Alimwona Roza kivulini, amejikunja, anapumua haraka haraka, mbavu zikiingia ndani kila anapovuta pumzi. Alipiga magoti, akagusa ule uzi mweusi.

"Hiki ni nini?"

"Kinga," alisema Leokadia. "Tumefanya kama mlivyotuagiza."

"Nani aliwaagiza?"

"Mganga Sedekia. Alisema Roza hana kinga, kinga irudi upesi. Baba Nyanda alimtoa ng'ombe wa maziwa, na ndama wake. Tumeipata siku ile ile."

Tekla aliziba mdomo kwa kiganja.

"Mmemtoa ng'ombe wa maziwa," alisema polepole, "mkapata uzi."

"Kwani tumekosea?"

"Neno mmelisikia sawasawa, mama Nyanda. Ila neno hilo limebeba mambo mawili, na sisi wa zahanati tumezoea jambo letu tukadhani kila mtu analo hilo hilo. Kinga aliyoisema Sedekia haivaliwi. Iko ndani ya mwili. Ni walinzi."

"Walinzi wa ndani ya mwili?" Bibi Kabula aliguna. "Wanakaa wapi, kwenye matumbo? Wanakula ugali?"

"Wanakula, bibi. Na huko ndiko tunakokwenda."

Tekla aliweka vidole viwili katikati ya kifua cha Roza, pale pale kijiti kilipolala.

"Nyuma ya mfupa huu kuna tezi. Mtoto mchanga anazaliwa nayo ikiwa kubwa. Katika damu kuna chembe nyeupe, ndogo mno, hazionekani kwa macho. Hao ndio walinzi, na wako wa aina nyingi. Aina moja hulelewa katika tezi hii. Huanzia ndani ya mifupa, kwenye uboho, zikiwa changa na hazijui adui wala ndugu. Zikija hapa ndipo zinapokomazwa."

"Zinakomazwaje?" aliuliza Leokadia.

Tekla alifikiri kidogo, akamgeukia bibi.

"Bibi, mimi ni mtu wa mahindi na viazi. Ng'ombe unawajua wewe. Ng'ombe akizaa, akakataa kumlamba ndama, ndama huwaje?"

"Analala pale pale alipoanguka," alisema Bibi Kabula. "Anapoa. Usipomsugua wewe mwenyewe kwa majani makavu, unamzika."

"Kwa nini? Si ametoka tumboni mzima?"

"Mzima, ndiyo. Lakini hakuna aliyemwambia kwamba yupo."

Tekla alipiga makofi mara moja. "Bibi, mimi nimesomea jambo hilo darasani, na hakuna mwalimu aliyelisema hivyo! Chembe hizo ziko kama ndama huyo. Hazina macho wala masikio, ila juu ya ngozi yake kila chembe ina kitu kama kitasa. Chembe za tezi huja na ufunguo. Vikigusana, ujumbe unaingia ndani: upo, ishi, kua. Chembe isiyopata ujumbe huo haiugui wala haipigwi. Inakufa yenyewe."

"Na zinazopata, zote zinatoka kuwa walinzi?"

"Hapana, mama Nyanda. Ziko zinazoushika mwili wenyewe kwa nguvu mno, kana kwamba ndio adui. Hizo nazo hupewa ujumbe, lakini wa kufa."

Bibi Kabula alikuwa amesahau kukunja uso. "Ni kama mbwa wa zizi," alisema. "Mbwa asiyemtambua fisi, unamlisha wa nini? Na mbwa anayeng'ata watoto wa kaya ni mbaya zaidi. Wote wawili hatuwaachi."

"Ndivyo hivyo. Nyingi hufa, chache hutoka. Hizo chache ndizo zinazomjua fisi na kumwacha mtoto. Na hata zikishatoka, bado mwili huendelea kuzipelekea ujumbe: mnahitajika, endeleeni kuishi. Ujumbe ukikatika, zinapukutika."

"Na surua?" Leokadia aliuliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Surua huziua nyingi. Mtoto akishiba, tezi hutengeneza nyingine. Lakini akiwa na njaa na homa kwa pamoja, mwili hutuma ujumbe wa namna nyingine. Unasema hakuna chakula, punguzeni. Basi chembe changa zinakufa kabla hazijakomaa, na tezi inanywea kama tumba la pamba lililopigwa na jua. Madaktari wamewapasua watoto waliokufa hivyo, wakaikuta imebaki kidogo tu. Hapo ugonjwa wowote ukija, kifua au tumbo, hakuna wa kubweka."

Roza alikohoa.

"Nyanda naye alipona surua," alisema Leokadia. "Halafu kifua kikamchukua. Alikuwa akiomba maziwa, nesi. Aliomba mpaka akaacha kuomba."

Tekla aliweka kiganja chake juu ya mgongo wa Roza.

"Alikufa kwa kunyimwa maziwa?" Leokadia aliuliza.

"Sikuwapo, mama Nyanda. Siwezi kukuambia kilichomuua."

"Lakini unajua."

Tekla alimtazama usoni, kisha akatazama pembeni. Jibu hilo lilimtosha Leokadia.

"Sikilizeni," alisema Tekla. "Roza bado anapumua. Anahitaji sindano za kifua leo, na chakula leo. Si vyakula vya kununua. Maziwa yaliyochemshwa, kijiko kwa kijiko, asishindiliwe. Uji wenye karanga zilizosagwa. Yai. Samaki wa mtoni. Tezi hii inaweza kukua tena. Uzi huu sitaukata, mkiupenda uacheni. Ila haulishi chembe hata moja."

Bibi Kabula alisimama, akajifunga kanga upya kiunoni.

"Umeongea vizuri, mtoto wa Kihehe. Kuhusu ndama umeongea vizuri sana. Lakini maziwa, hapana. Wewe utapanda baiskeli yako uondoke. Chuchu zikioza, nani atalia? Wewe au mimi?"

"Surua ni ugonjwa wa watu, bibi. Ng'ombe haumpati. Vidonda vya chuchu huletwa na mikono michafu ya mkamuaji, na maradhi ya ng'ombe wenyewe."

"Mama yangu aliniambia. Na mama yake alimwambia."

"Na walikuwa na watoto wangapi waliowazika baada ya surua?"

Tekla alijuta papo hapo kulisema hilo. Uso wa bibi ulifungika kama mlango. Bibi aliingia nyumbani.

Wanaume walikuwa malishoni. Zizini walibaki ng'ombe wawili waliozaa karibuni. Leokadia alisimama katikati ya uani, kati ya mtoto na zizi. Mwanamke hakamui katika kaya ile. Na mke hachukui maziwa ambayo mama mkwe hajayagawa. Aliyajua hayo yote. Alizijua pia zile mbavu zinazoingia ndani.

Alichukua bakuli, akafungua zizi, akachuchumaa ubavuni mwa ng'ombe. Mikono yake haikuzoea. Ng'ombe alipiga teke, maziwa ya kwanza yakamwagikia vumbini. Akaanza tena. Alikamua huku machozi yakidondokea ndani ya bakuli, na hakuyafuta.

Alipoinua kichwa, Bibi Kabula alikuwa amesimama mlangoni pa zizi.

"Chuchu zikioza," alisema bibi, "utarudi kwenu kwa miguu yako."

"Nitarudi, mayu. Lakini Roza nitarudi naye."

Walitazamana. Bibi ndiye aliyesogea kando.

Maziwa yalichemka, yakapoa. Leokadia alimpa Roza kijiko kimoja. Mtoto alikibakiza mdomoni kana kwamba hakumbuki kumeza. Kisha akameza. Tekla aliyekuwa amemshika kichwa alishusha pumzi. Baada ya hapo waliondoka wote watatu kwenda zahanati, Tekla akikokota baiskeli na Leokadia akitembea nyuma na mzigo wake mgongoni, akihesabu kila kikohozi.

Roza alilazwa. Alichomwa sindano mpaka mapaja yakawa magumu. Alikula kwa kijiko, alitapika, alikula tena. Masunga alikuja jioni ya kwanza akiwa na hasira, akamwona mtoto, akaketi sakafuni. Kesho yake alileta maziwa. Aliweka chombo chini na kuondoka. Nyumbani, kila alfajiri, aliwainamia ng'ombe wake mmoja mmoja na kuzikagua chuchu. Zilikuwa laini. Juma lililofuata zilikuwa laini. Alianza kunawa mikono kabla ya kukamua, maana nesi alisema, na kujaribu hakugharimu kitu.

Sedekia alipoelezwa habari ya ng'ombe mwekundu, aliweka kalamu mezani. Tangu siku hiyo hakumwambia mzazi yeyote kwamba mtoto hana kinga, akaishia hapo. Alisema, "Walinzi wa mwili wamekufa kwa surua na njaa. Nitakuambia cha kumlisha." Hata foleni ikifika barabarani, aliyasema hayo mpaka mwisho. Ng'ombe mwekundu hakurudi. Seni alisema kazi yake aliifanya kama alivyoombwa, na hakuna aliyeweza kumbishia.

Roza alitoka zahanati akiwa mwepesi kama kapu tupu, lakini anatembea. Jicho la kushoto lilisalimika. La kulia halikupona. Lilibaki jeupe, na daktari mkubwa aliyepita alisema limechelewa.

Mwaka uliofuata gari la chanjo lilifika kijijini. Leokadia alikuwa mbele kabisa ya mstari, ingawa Roza alikuwa ameshaugua surua na hakuhitaji tena chanjo hiyo. Alikuwa amewabeba na kuwaburuta watoto wa shemeji zake. Surua ilipozuka upya ng'ambo ya mto, katika kaya ya Masunga hakuna aliyeugua. Kwa jirani aliugua mmoja, na Bibi Kabula alipeleka maziwa huko yeye mwenyewe, ameyafunika kwa sahani. Alipoulizwa kama haogopi, alijibu kwa ukali, "Shika chombo, nina kazi."

Kisha, mvua zilipoanza, Roza alishikwa na kikohozi.

Leokadia hakulala. Alimpeleka zahanati, akapewa dawa, akarudi naye. Alikaa mlangoni akisikiliza kifua kile, akingoja mbavu zianze kuingia ndani. Hazikuingia. Homa ilipanda, ikashuka. Mtoto alitoka jasho, akalala usingizi mzito, kinywa wazi.

Asubuhi, kikohozi kilikuwa kimelegea. Mwili ulikuwa umepigana wenyewe, kimya kimya, ukashinda.

Leokadia alipaswa kufurahi. Badala yake alikwenda nyuma ya nyumba, akaketi chini akiegemea ukuta. Maana sasa alikuwa ameona kwa macho yake jinsi jambo lile lilivyokuwa dogo. Kikohozi ni kikohozi. Mtoto aliyeshiba anakohoa, analala, anaamka. Kumbe ndivyo ilivyotakiwa kuwa. Kumbe ndivyo ingekuwa kwa Nyanda.

Bibi Kabula alimfuata. Alijishusha chini kwa shida, akaketi kando yake. Wanawake hao wawili walikaa wakitazama mvua ikinyesha juu ya migongo ya ng'ombe zizini.

Ndani ya nyumba sauti ya kukwaruza iliita.

"Mama! Nina njaa!"

Bibi Kabula ndiye aliyetangulia kuinuka.